Tasbihi ya Bi Yumna

Siku posa yangu ilipokataliwa nilikuwa nyuma ya pazia nimeshika sinia la kahawa, nimejipaka wanja mpaka macho yanawasha. Msinicheke. Ijumaa ile niliingoja miezi minane, na mwanamke aliyengoja miezi minane ana haki ya wanja.

Huku kwetu Majengo posa ina njia yake. Mwanamume hutuma wazee na barua. Wazee wakishakunywa kahawa huambiwa, "Tumesikia, tupeni muda." Na muda wenyewe si wa kufikiri, ni wa kuulizia. Mwanamke mmoja mwenye macho makali na kisingizio kizuri hutumwa mtaani kwa kijana. Atanunua mbaazi hapa, ataomba maji ya kunywa pale, na akirudi jioni anajua mpaka babu wa kijana alikufa kwa maradhi gani. Aliyetumwa Jericho kumuulizia Idarusi wangu alikuwa Bi Dhuriya, jirani yetu wa ukuta mmoja na shoga wa mama tangu usichana wao.

Siku ya jibu alikuja baba yake mdogo Idarusi, Mzee Zaid, na kanzu yake iliyopigwa pasi. Mama aliketi mkekani na tasbihi mkononi. Midomo inamcheza, kichwa kinakwenda mbele na nyuma polepole, kama ilivyo kawaida yake. Mtaa mzima unamjua hivyo. Kwenye foleni ya maji, kwa muuza sukuma, hata kwenye kiti cha daktari wa meno, Bi Yumna yuko na Mola wake. Watoto humwita Bi Tasbihi. Wazee wakimwona hunong'ona, "Yule moyo wake haulali." Nami nilitembea kifua mbele kwa sababu ya mama huyo.

"Mzee Zaid," mama alisema, "tumewapokea kwa heshima, na barua yenu tunairudisha kwa heshima. Mtoto hatutaweza kuwapa."

Nikasogea karibu zaidi na pazia.

"Kuna kosa gani, Bi Yumna?" Mzee Zaid aliuliza. "Kijana anaswali, halewi, ana kazi yake."

"Kosa hakuna. Si riziki tu."

"Riziki ni ya Mungu, nakubali. Lakini mimi nikirudi kule kijana ataniuliza sababu. Nimwambie nini?"

Mama akavuta ushanga mwingine. Bi Dhuriya, aliyekaa kando ya mama, na ambaye siri kwake ni kama maji kwenye chujio, hakuweza kuvumilia.

"Mwambieni ukweli mzee wa watu! Shingo ya Idarusi inaruka, jicho linafumba lenyewe, na koo linatoa sauti. Hilo sote tumeliona. Lakini nimeulizia, na nimeambiwa marehemu baba yake alikuwa hivyo hivyo, na babu yake hivyo hivyo! Hilo ni pepo la ukoo, Mzee Zaid. Mlikuja mkanyamaza. Mficha maradhi kilio humuumbua. Mtoto wa nyoka ni nyoka!"

Hapo nikatoka. Ndiyo, najua, mwari hatoki mbele ya wazee waliokuja kumposa. Mimi mdomo wangu haujawahi kujua kukaa ndani.

"Si pepo!" nilisema, na sinia nikalitua chini kwa kishindo. "Ni maradhi ya neva, na yana jina. Yanaitwa Tourette. Mimi mwenyewe nilikwenda naye kwa daktari!"

"Waridi!" mama aliita.

"Nilikwenda, mama. Unipige, lakini nilikwenda."

Na kweli nilikwenda. Daktari Gitonga, mzee mpole mwenye miwani ya kamba, alichukua karatasi akamchorea Idarusi ukoo wake. Wanaume mraba, wanawake duara. Kila mwenye mitikiso akamjaza wino. Babu mweusi, baba mweusi, Idarusi mweusi. "Hii si laana, si pepo, wala si malezi mabaya," alisema. "Ni jambo linalotembea katika damu. Mzazi anaweza kumrithisha mtoto, anaweza asimrithishe. Na mtoto aliyerithi, kwa mmoja litatoka kubwa, kwa mwingine dogo, kwa mwingine halionekani maisha yake yote. Kwa wavulana huonekana zaidi. Kwa wasichana mara nyingine hujificha: anahesabu, anarudia kitu kilekile, hatulii mpaka kiwe sawa. Hakuna kipimo cha damu cha kukuambia nani atapata." Kisha akachora duara pembeni, akaliunganisha na mraba wa Idarusi kwa mstari. "Na kwenu, binti? Yuko yeyote?"

"Kwetu hakuna," nilijibu upesi, tena kwa maringo. Duara langu likabaki jeupe.

Mzee Zaid alisimama, akachukua barua yake. Aliniangalia kwa huruma zaidi kuliko alivyowaangalia wengine. "Asante kwa kahawa, binti yangu," alisema, na kahawa yenyewe hakuwa ameinywa.

* * *

Bi Dhuriya alipokwenda kwake, tulibaki mimi na mama. Jua lilikuwa bado halijazama, na redio ya jirani ilikuwa ikisoma matangazo ya vifo. Nililia mpaka wanja ukafika shingoni.

"Utapona," mama alisema. Shanga zinapita vidoleni mwake moja baada ya moja, kichwa mbele, kichwa nyuma.

"Sitapona. Na sitaolewa na mwingine. Utakaa nami humu ndani nizeeke nikiwapaka piko mabibi harusi wa watu."

Hiyo ndiyo kazi yangu, kuchora maua meusi mikononi. Kuanzia Majengo hadi Eastleigh, bibi harusi anayetaka maua yasiyotetemeka huniita mimi. Kila mkono huufunga kwa nukta tatu kwenye kifundo, na wateja wangu husema hiyo ndiyo sahihi yangu.

"Mama, wewe mcha Mungu gani? Mtu kaumbwa na Mola, unamkataa kwa alivyoumbwa! Ungekuwa wewe je? Ungekuwa na mtoto wa hivyo ungemtupa? Ama kweli, nyani haoni kundule!"

Nikangoja kofi. Halikuja. Mama aliitazama tasbihi yake kwa muda mrefu, halafu akafanya jambo ambalo sijawahi kuliona tangu nizaliwe. Aliitundika msumarini, akaweka mikono mitupu mapajani.

"Niangalie," alisema.

Nikamwangalia. Kwanza hapakuwa na kitu. Kisha kichwa chake kikaenda mbele. Kikarudi. Kikaenda tena kwa nguvu zaidi, na midomo ikaanza kutafuna hewa, na kooni mwake ikatoka sauti ndogo, kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki. Bila shanga hakukuwa na dhikri yoyote pale. Alikuwa Idarusi mtupu, kwenye sura ya mama yangu.

"Mama…"

"Nilianza nina miaka kumi na miwili. Bibi yako alinitia tasbihi mkononi, akaniambia, shika hii, usiiache mpaka siku ya kufa kwako. Ukiishika hakuna atakayeuliza." Alicheka kidogo, na machozi yanamtoka. "Na kweli. Miaka arubaini na tatu, hakuna aliyeuliza. Wameniita mcha Mungu."

"Kwa hiyo dhikri yote ile…"

"Nyingine dhikri, nyingine shingo. Mola anajua ipi ni ipi. Mimi mwenyewe siku hizi sijui."

Nilisogea nikamshika magoti. Sikujua nimkasirikie au nimkumbatie.

"Unamkumbuka mjomba wako Mahfudhi?" aliuliza.

"Si alikufa mdogo?"

"Hakufa. Tulisema amekufa. Yake ilikuwa kubwa, Waridi. Chuoni, katikati ya kusoma Kurani, sauti inamtoka kama mbwa aliyekanyagwa. Mwalimu alimpiga mpaka fimbo ikavunjika. Nyumbani tukamfukiza, tukamnywesha kombe, maji yaliyooshewa aya, wakamfunga kamba kwenye nguzo ya uani ile pale, hiyo unayoanikia nguo. Alikuwa na miaka kumi na minne. Siku ya Idi alitoka na kanzu yake mpya, hatukumwona tena." Alifuta uso kwa ncha ya leso. "Mimi ndiye niliyemfungua kamba asubuhi ile, akaswali. Kila Idi huwa natazama mlangoni."

"Maskini mama yangu."

"Na wewe unadhani sijakuona? Ulipokuwa na miaka sita hukulala mpaka uguse komeo la mlango mara tatu. Sasa ni nukta zako. Hebu acha moja siku moja, tuone."

Nilitaka kucheka. Nikaiona mikono yote niliyowahi kupaka, na kila kifundo nukta tatu, na jinsi vidole vyangu vinavyowasha nikiitwa kabla sijazimaliza. Duara langu jeupe! Na maringo yangu mbele ya daktari!

"Sasa umejua," mama alisema, akanyoosha mkono msumarini kuichukua tasbihi. "Kwao ipo, na kwetu ipo. Nikuoze huko uniletee Mahfudhi mwingine? Sina nguvu ya kumpoteza mara mbili."

Mama alisema kwa uchungu, nami nilisikia kwa tamaa. Hapo ndipo nilipokosea. Yeye alikuwa ananieleza hofu yake, mimi nikasikia ukuta ukianguka. Nikajiambia, kumbe! Kama kwetu ipo, nani atamcheka mwenzake? Nani atamwita nani nyoka? Nilikwenda kulala na furaha kifuani, Mungu anisamehe, nikipanga maneno nitakayomwambia Idarusi.

* * *

Asubuhi ya Jumamosi nilipanda boda mpaka soko la Jericho. Idarusi ana kibanda chake cha kutengeneza cherehani, amepakana na Phares, mchonga funguo.

"Niaje, shemeji!" Phares alinipigia kelele. "Umebeba pilau ama umekuja na njaa?"

"Nimekuja na habari."

"Harusi ni lini? Nipige suti!"

"Karibuni tu, Phares," nilisema, na niliamini.

Idarusi alikuwa ameinamia cherehani ya mguu, bisibisi mkononi. Nilisimama kidogo bila kumwita. Akiwa kazini shingo yake hutulia kabisa. Vidole vinatafuta ndani ya chuma, jicho limetulia, na pumzi inakwenda taratibu. Nilimpendea hapo hapo, siku nilipoleta cherehani ya mama, nikamwona mtu aliyetulia kuliko watu wote wa Nairobi. Kisha akainua uso kuniambia bei, na shingo ikaruka. Nilishtuka, lakini nilikuwa nimeshapenda.

Aliinua uso. Shingo ikaruka kushoto, jicho likafumba, koo likatoa sauti yake.

"Waridi. Usingekuja. Baba mdogo ameniambia."

"Hakukuambia yote, kwa sababu yote hayajui. Nipe kigoda."

Alinipa kigoda, na mimi nikamwambia kwa pumzi moja. Mama, tasbihi, msumari, Mjomba Mahfudhi, nguzo ya uani, komeo la mlango, nukta tatu. Nilikuwa nacheka. Wallahi nilikuwa nacheka.

"Bi Tasbihi mwenyewe!" nilisema. "Umeona? Sasa hawana neno tena! Nitamwambia mama amwite Bi Dhuriya amweleze, tuone nani mtoto wa nyoka. Tumelingana, Idarusi!"

Hakucheka. Alilaza bisibisi juu ya meza, taratibu.

"Mama yako," alisema.

"Mama yangu."

"Na mjomba wako. Mpaka kamba."

"Ndiyo, lakini zamani hizo, watu walikuwa hawajui…"

"Na wewe."

"Na mimi! Yangu kidogo tu, nukta. Nani amewahi kufa kwa nukta?"

Alifungua droo ya sindano akatoa karatasi ya Daktari Gitonga, imekunjwa mara nne. Sikujua kwamba alikuwa ameitunza. Aliikunjua juu ya cherehani, akachukua kalamu. Juu ya duara langu akachora duara jingine, akalijaza wino. Pembeni yake akachora mraba, akaujaza.

"Huyu ni Mahfudhi," alisema kama mtu anayemtaja ndugu yake.

Halafu kalamu ikafika kwenye duara langu, ikasimama. Shingo yake iliruka mara mbili, tatu. Akaanza kulijaza, polepole, mpaka weupe wote ukaisha. Kati ya duara langu na mraba wake ulikuwepo ule mstari wa daktari, na chini ya mstari palikuwa patupu.

"Nilimuuliza daktari ulipotoka nje kunywa maji," alisema. "Nilimuuliza, ikiwa upande mmoja tu? Akasema, watoto wengi huwa salama au huwa nayo ndogo. Nikapata nguvu, nikamtuma baba mdogo. Nikamuuliza, na ikiwa pande zote mbili? Akasema, hapo uwezekano unapanda."

"Kupanda si lazima! Si alisema pia wengi huwa nafuu wakikua? Alisema siku hizi kuna dawa, kuna mafunzo, walimu wanaweza kuelezwa. Nilikuwepo!"

"Alisema."

"Sasa?"

"Sasa siwezi, Waridi."

Nilimtazama nikidhani sikusikia vizuri. Huko nje Phares alikuwa anasaga ufunguo na sauti ya chuma ikajaa kibandani.

"Huwezi nini?"

"Kukuoa. Nimelingoja jibu la mama yako miezi minane, na jana alipokataa nilidhani anakosea."

"Mama anakosea!"

"Mama yako amemngoja kaka yake miaka arubaini. Atakosea vipi?"

Nikasimama. Kigoda kikaanguka. "Nisikilize, Idarusi. Unasema mtoto kama wewe asizaliwe. Basi unaniambia wewe mwenyewe usingezaliwa. Na mimi ningempenda nani? Hebu nijibu! Mimi nakupenda na shingo yako, na jicho lako, na hiyo sauti yako ambayo nikiisikia sokoni najua mume wangu yuko karibu. Mtoto wa hivyo nitampenda mara mbili!"

"Wewe umenipenda nikiwa na miaka ishirini na minane," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Hukuwepo nilipokuwa na saba."

Nikainama nikakiinua kigoda.

"Unajua nani alinipiga zaidi? Si mwalimu wa chuo. Baba. Na yeye mwenyewe alikuwa nayo. Natikisa shingo, naye anatikisa shingo, tunatazamana, halafu anavua mkanda. Kila siku. Nilikuwa najiuliza, mbona mtu huyu hanihurumii na anajua jinsi inavyouma kuzuia? Nilipokua ndipo nikaelewa. Alikuwa anajiona kwangu. Hakuweza kuvumilia kujiona."

"Wewe si baba yako."

"Bado sijawa baba wa mtu. Ndiyo maana mimi si yeye."

"Basi tusizae!" nilipiga kelele, na mwanamke mmoja aliyekuwa akipita na kapu lake akageuka. "Tukae wawili. Nani alisema lazima?"

Hapo alitabasamu, na tabasamu lile ndilo lililoniua. "Juzi ulinionyesha viatu vya mtoto dirishani Gikomba. Ulisimama dakika kumi, Waridi. Ungekubali leo kwa ajili yangu. Miaka mitano ijayo ungekuwa unapaka piko mabinti wa watu na kuniangalia. Hungesema. Mimi ningejua."

"Wewe ni mwoga," nilisema. Hasira yangu ilikuwa imepanda kichwani, na mimi nikikasirika sina breki. "Baba yako alikuwa katili, wewe ni mwoga. Bora hata katili, huyo angalau alizaa."

Nilipomaliza kusema nilitaka kuyarudisha kinywani. Shingo yake iliruka, ikaruka, ikaruka, mpaka akashika kidevu kwa mikono miwili ili kuituliza, na macho yakamjaa machozi ambayo jicho lile linalofumba liliyamwaga kabla ya jingine. Nilitaka kumshika. Haramu au si haramu, nilinyoosha mkono. Alirudi nyuma hatua moja, mgongo ukagota ukuta wa mabati.

"Usinishike," alisema. "Ukinishika nitakubali."

"Basi kubali!"

"Nakupenda. Nenda nyumbani."

"Nilikuja kukuletea habari njema, Idarusi."

"Najua," alisema. "Nilikuona unacheka tangu kule kwa wauza ndizi, nikainama."

Alikunja ile karatasi mara nne, akanipa. Kisha akageuka akaiinamia cherehani, akachukua bisibisi, na mbele ya macho yangu shingo yake ikatulia. Nilisimama pale nikimwangalia alivyotulia bila mimi. Nikatoka.

"Shemeji, mbona mapema?" Phares aliuliza. Nilipita bila kumjibu. Kwa mara ya kwanza sikuwa shemeji wa mtu.

* * *

Nilirudi kwa miguu. Sikumbuki njia, nakumbuka vumbi tu na kwamba watu walikuwa wananipisha. Nilipofika kwetu, mama alikuwa ameketi barazani, mbele ya wapita njia wote wa Jumamosi, na mikono yake ilikuwa mitupu. Kichwa kinakwenda mbele, kinarudi. Midomo inatafuna. Koo linalia. Bi Dhuriya alikuwa amekaa kando yake ameduwaa, mdomo wazi.

"Nimemwambia," mama alisema aliponiona, na uso wake ulikuwa unang'aa kama wa msichana. "Nimemwambia Dhuriya yote, na watu wamepita, na nikaona sikufa. Usiku kucha nilikuwa nafikiri maneno yako. Mahfudhi hakuuawa na shingo yake, Waridi. Tulimpoteza sisi, kwa kamba zetu. Mjukuu wangu hafungwi kamba na mtu. Mwite kijana. Dhuriya atakwenda kwa Mzee Zaid leo hii kuomba barua irudi. Nimekubali."

Bi Dhuriya akatikisa kichwa kukubali. "Nitakwenda, mwanangu. Na nitaomba radhi kwa mdomo wangu."

Nilijishika kwenye nguzo ya baraza.

"Amekataa yeye, mama."

"Amekataa nini?"

"Nilimwambia. Nilimwambia yako, na ya mjomba, na yangu. Nilidhani nampelekea zawadi."

Mikono ya mama ilitafuta shanga mapajani, haikuzipata. Nikakaa chini pale pale vumbini, nikaweka kichwa magotini pake, nikalia kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Kichwa chake kilikuwa kinagusa changu, kinaondoka, kinarudi.

"Da Waridi?" sauti ilitoka ndani. Nilikuwa nimesahau. Nilikuwa na mteja, binti wa mwenye duka la vitenge, anaolewa Jumapili, na alikuwa amengoja tangu saa nne.

"Mwambie aende," Bi Dhuriya alinong'ona.

"Aende wapi? Harusi ni kesho."

Niliosha uso, nikachanganya piko, nikamshika mkono. Mkono wangu haukutetemeka. Nilimpaka maua, nikampaka majani mpaka kwenye viwiko, na yeye alikuwa anaongea, anaongea, juu ya pilau na juu ya gauni na jinsi bwana harusi alivyo na haya.

"Na wewe, da Waridi, lini?"

"Bado," nilisema.

Nikafika kwenye kifundo. Nikaweka nukta ya kwanza, nikaweka ya pili, nikainua sindano ya piko juu. Nikaizuia hapo. Nilitaka niishie mbili. Nilitaka niichukue ile karatasi iliyoko kifuani mwangu, nirudi Jericho, nimwambie, umekosea, duara langu ni jeupe, tazama, nimeacha moja. Nikahesabu mpaka kumi. Vidole vikaanza kuwasha, kisha mkono, kisha kitu kikanikaba kifuani kama mtu aliyezuia pumzi chini ya maji. Machozi yakawa yananidondoka kwenye leso.

Bibi harusi aliutazama mkono wake, akaugeuza huku na huku.

"Umesahau moja," alisema.

Nikaiweka.